Kipya Kinyemi

Mwenye kinu cha unga alikuwa na ugomvi wa kila jioni. Lori la tani 10 likishapakiwa viroba vya kilo 25, makuli wanasema wamebeba 408, daftari la karani linasema 400. Makuli wanalipwa kwa kiroba. Nane si nyingi, lakini nane za kila lori, kila siku ya Mungu, ni fedha, na zinazaa maneno makali kuliko fedha zenyewe. Mzee akanipigia simu: "Injinia, nasikia siku hizi kamera zinahesabu. Niwekee moja pale mlangoni, na mimi nipate usingizi."

Nikamwomba wiki mbili. Kazi ilikwisha wiki ya tisa. Wiki saba zile zilikwenda wapi ndiyo habari ya leo, kwa kuwa vijana wengi wananifuata wakitaka kuanza kazi za kuchakata video kwenye bodi ndogo, na karibu wote wanauliza habari za akili unde. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza habari za waya.

Bodi niliyoichagua ni Jetson Nano, ile NVIDIA waliyoitoa mwaka 2019 kwa dola 99. Ni kompyuta nzima inayokaa kiganjani: prosesa yenye viini vinne, viini vidogo 128 vya kuchakata picha, kumbukumbu ya GB 4, na mahali pa kuchomeka memori kadi ambayo ndiyo diski yake. Nilipomwonyesha mzee, aliigeuza mara mbili akauliza iliyobaki iko wapi.

Kwa nini bodi ya namna hii na si kompyuta yoyote ya ofisini? Chukua kamera ya kawaida ya ukutani. Picha moja ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili, na kila pikseli inataka baiti tatu za rangi. Hizo ni baiti milioni 6.2 kwa fremu moja. Kamera inatoa fremu 25 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya video ni baiti milioni 155. Sidii ya MB 700 ingejaa kabla hujahesabu hadi tano. Ndiyo maana kamera haitumi picha hizo zilivyo. Inazibana kwa H.264, inatuma mzigo mdogo, na anayepokea ndiye mwenye kazi ya kuufumua. Ndani ya Nano kuna sakiti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Ukiikabidhi video ya kamera inaifumua bila kutoka jasho, na vile viini vinne vinabaki na nafasi ya mambo mengine.

Ila sakiti hiyo huifikii hivi hivi. Ina programu zake za kuiendesha, nazo zinakaa juu ya kerneli ya mtengenezaji mwenyewe, toleo la 4.9, na kerneli hiyo imefungashwa pamoja na Ubuntu 18.04, CUDA 10.2, TensorRT, OpenCV na GStreamer katika kifurushi kimoja kiitwacho JetPack. Kwa Nano, mfululizo wa 4.6 ndio wa mwisho. JetPack 5 ilipokuja na Ubuntu 20.04 ilikuwa ya bodi za Xavier na Orin. Vitu hivyo vyote vimechongwa kwa vipimo vya wenzake, kama ngalawa na mirengu yake. Ukipata mti mzuri ukarefusha mrengu mmoja, hujaiboresha ngalawa. Haya yote yameandikwa kwenye maelezo yanayotolewa pamoja na kila toleo, na mimi nimeyasoma yote. Nimeyasoma baadaye.

Siku ya kwanza kila kitu kilikubali, na msiba ulianzia hapo. Niliandika JetPack 4.6.1 kwenye kadi ya GB 64, nikaunganisha kamera, video ikatiririka kiooni kama maji, prosesa imekaa kitako haina shughuli. Usiku ule nilipaswa kuchomoa kadi, kuinakili nzima kwenye kompyuta yangu, baiti kwa baiti, na kuandika tarehe kwenye jina la faili. Ni amri moja na muda wa kunywa chai. Nilikuwa nimeshiba ushindi, nikalala.

Asubuhi nikaanza kuona kasoro. Ilikuwa mwaka 2023, na matunzo ya kawaida ya Ubuntu 18.04 yalikuwa yamefikia ukomo mwezi Mei mwaka huo. Python iliyokuja nayo ni 3.6, ambayo wenyewe waliiacha tangu mwisho wa 2021. Maktaba niliyoitaka ya kutambua vitu kwenye picha ilidai Python mpya zaidi. Nikajiona ninamjengea mzee nyumba juu ya msingi ulioliwa na mchwa. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na hata leo siicheki. Ninachokicheka ni dawa niliyoitafutia.

Ubuntu ina amri ya kujipandisha yenyewe kutoka toleo moja hadi jingine. Kwenye bodi hii amri hiyo ilikataa. Nikafuatilia sababu, nikalikuta faili dogo la mipangilio ambamo upandishaji umefungwa kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kamwe. Bibi yangu alikuwa na hadithi ya kijana aliyekabidhiwa funguo saba za jumba, akaambiwa afungue vyumba sita, cha saba akiache. Tulipofika hapo sisi watoto tulikwishajua kijana atafanya nini, na tulimwona mpumbavu. Nilifuta neno lile, nikaandika jingine, nikaanzisha upandishaji, nikaenda kununua bando.

Ilikwenda usiku kucha. Alfajiri bodi ikawaka na kunisalimu kwa Ubuntu 20.04. Nikapiga picha kioo, nikawatumia wenzangu. Chini yake kerneli ilikuwa ileile 4.9, kwa kuwa mtengenezaji hakuwa ametoa nyingine kwa ajili ya Nano. Msingi nilioulalamikia ndio pekee ambao haukuguswa. Kuta zote nilikuwa nimezihamisha.

Basi mambo yakaanza kudondoka, moja moja, kwa adabu. CUDA 10.2 haikubali kompaila ya GCC iliyovuka toleo la 8, na Ubuntu mpya ilikuja na la 9. OpenCV iliyofungashwa na JetPack ilijengwa kwa Python ya zamani. Python mpya haikuiona kabisa. Nikaiagiza nyingine kwa pip.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi huzama hapa na hawajui wamezama. OpenCV ya pip inaingia bila kulalamika. Inafungua picha, inafungua hata video iliyo kwenye faili, unaona mambo safi. Lakini imejengwa bila GStreamer, na GStreamer ndiyo njia niliyokuwa nikipitia kuifikia ile sakiti ya kufumua video. Hakuna kengele inayolia. Ukiita kamera kwa njia ya GStreamer, haifunguki. Ukiiita kwa anwani yake ya kawaida ya RTSP, inafunguka vizuri, ila sasa kazi yote ya kufumua imehamia kwenye prosesa. OpenCV yenyewe ina amri iitwayo getBuildInformation inayokueleza imejengwa na nini na imeachwa bila nini. Ningeiita, ningeliona mbele ya jina la GStreamer neno la kukataa. Sikuita. Nilichoona ni viini vinne vimefika asilimia 100, fremu zinachelewa, kiroba kimeshapanda lori ndipo hesabu inakiona mlangoni. Nikatangaza kwamba bodi ni dhaifu.

Halafu ikaanza kuzimika. Ilikuwa inafanya kazi, ghafla kimya, kisha inawaka tena yenyewe kama mtu aliyesinzia kwenye daladala. Nikajua ni ule upandishaji. Siku tatu nzima nilisoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari nikimtafuta mchawi, na mchawi alikuwa amechomekwa ukutani.

Nilikuwa naiendesha kwa chaja ya simu, kupitia tundu dogo la USB. Tundu hilo linategemea volti 5 na ampea 2, yaani wati 10, na hizo ni za maandishi ya kwenye chaja. Waya wangu ulikuwa mwembamba, mrefu mita mbili, na volti nyingine ziliishia njiani. Siku ya kwanza, viini vikiwa vimekaa kitako, umeme ulitosha. Nilipovitwisha kazi ya kufumua video vikaanza kunywa, volti zikashuka, bodi ikakata roho. Nano ina tundu la pili, la duara, la volti 5 na ampea 4, ila halifanyi kazi mpaka uvishe kijumpa juu ya pini mbili zilizoandikwa J48. Kijumpa chenyewe ni kama punje ya mchele. Bila hicho unachomeka umeme wa kutosha, bodi haiwaki, na unaweza kuizika ikiwa hai.

Tazama jinsi makosa hayo yalivyobebana. OpenCV isiyo na GStreamer iliitwisha prosesa mzigo, mzigo ukaufichua udhaifu wa chaja, na kuzimika kwa bodi kukanirudisha kuulaumu mfumo. Ningekuwa nimebadilisha kitu kimoja tu, ningejua pa kutazama. Nilikuwa nimebadilisha vinne kwa usiku mmoja, na vyote vilikuwa na sura ya mkosaji.

Karani wa stoo alikuwa akinitazama siku zote hizo. Ni mzee wa miaka sitini na ushei. Anahesabu kwa kuweka kijiti kimoja kwa kila viroba kumi, na kila jioni anaandika kwenye kaunta buku. Akikosea hafuti, anapiga mstari mmoja mwembamba ili lililokosewa liendelee kusomeka, kisha anatia saini pembeni. Nilipokwenda kumweleza kwa nini wiki nyingine imepita, hakuinua kichwa.

"Kipya kinyemi, mwanangu, ingawa kidonda," alisema. Kisha akauliza: "Ile ya siku ya kwanza, iliyokubali, uliiandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika popote.

Nikaamua kurudi nilikotoka. Kwa kawaida ni kazi ndogo: unaandika upya kadi, basi. Lakini ndani ya moduli ya Nano, mbali na kadi, kuna kumbukumbu ndogo inayohifadhi programu za kuwashia, na kuzimika kumoja kulitokea wakati programu hizo zinaandikwa upya. Kadi mpya haikusaidia. Dawa yake ni kuiunganisha bodi na kompyuta kwa waya wa USB, kugusanisha pini mbili ili iingie katika hali ya uokozi, na kuiflashi kutoka nje. Kompyuta ya kuflashia JetPack hiyo nayo inataka Ubuntu ya enzi hizo, 18.04, wakati laptopu yangu ina 22.04. Nikaweka kompyuta pepe ndani ya laptopu. Wakati wa kuflashi, bodi hujikata na kujiunga upya kwenye USB, na kila ilipojikata kompyuta pepe iliweza kuipoteza. Ushauri wangu ni mfupi: tafuta kompyuta halisi, hata kuukuu. Mimi niliazima ya watoto wa jirani.

Hata hiyo haikuiona bodi. Ikiwa katika hali ya uokozi, ukiorodhesha vifaa vya USB unatakiwa uone namba 0955:7f21. Ya kwanza ni namba ya NVIDIA, ya pili ni ya Nano. Mimi niliona kipanya, kibodi, na hakuna kingine. Siku mbili. Niligusanisha pini mpaka vidole vikaota sugu.

Siku ya tatu nilikuwa Kariakoo kwa shughuli nyingine, nikapita kwa kijana anayetengeneza simu chini ya ngazi ya jengo, meza yake haizidi futi mbili. Nikamwuliza kama ana kadi nzuri za GB 64. Katika kupekua begi langu aliuona ule waya. Akauchomeka kwenye simu moja na kompyuta yake, akatazama, akaucheka.

"Bosi, hii ni ya chaji tu. Haina nyuzi za data."

Waya kamili wa USB wa namna ile una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za mawasiliano. Nyingine zinauzwa na mbili tu, na kwa nje hutofautishi. Nilisimama pale na shahada yangu. Nikamwuliza yeye anajuaje kabla ya kuflashi kwamba mambo yatakubali. Akanijibu kama mtu anayeelezea kupika chai: anapima waya kwanza, anasoma namba ya modeli kwenye simu yenyewe, hamwamini mteja, anasevu kilichomo kabla ya kugusa, kisha anatafuta faili la modeli hiyo hiyo, si la modeli ya jirani yake hata kama ni jipya na zuri. "Ukiweka la simu nyingine inakufia mkononi, na mwenyewe amesimama hapo anakutazama." Nikanunua kwake waya na kadi mbili.

Jioni ile namba ikatokea. Sijawahi kupenda tarakimu namna ile.

Nilirudi kwenye JetPack 4.6.1, na safari hii nilianzia dukani, kwa kaunta buku yangu mwenyewe. Ukurasa wa kwanza una namba ya bodi, toleo la JetPack, la CUDA, la TensorRT ambalo ni 8.2.1, la OpenCV ambalo ni 4.1.1, aina ya umeme, na hata rangi ya waya. Kila kilichoongezwa kina mstari wake na tarehe yake. Na nilijiwekea sharti: kwa siku nabadilisha kitu kimoja, najaribu kamera, naandika, nalala.

Sharti hilo lilinilipa wiki hiyo hiyo. Programu ya kuhesabia niliyoijenga kwenye laptopu kwa ajili ya prosesa ya bodi ilikataa kuwaka kwenye bodi, ikadai GLIBC_2.34. Glibc ndiyo maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux inaitegemea. Laptopu yenye Ubuntu 22.04 ina 2.35, bodi yenye 18.04 ina 2.27. Programu iliyojengwa kwenye ya zamani kwa kawaida hukubali kwenye mpya, lakini kinyume chake ni kujipa tabu. Zamani ningeanza kuipandisha glibc ya bodi, na hapo ningeua mfumo mzima. Sasa niliandika mstari, nikaijenga programu juu ya bodi yenyewe, polepole, ikakubali. Kuhusu ile maktaba iliyodai Python mpya, niliiacha kwenye laptopu, ndiko kwake. Huko nilifundisha modeli, nikaitoa kwa muundo wa ONNX, nikaipeleka kwenye bodi na kuiacha TensorRT ya pale pale iitengeneze kwa matumizi yake. Faili ambalo TensorRT inalitengeneza hufungamana na toleo lake na chipu yake. Usilibebe kutoka mashine moja kwenda nyingine ukategemea lifanye kazi. Kufundisha modeli yenyewe kulichukua siku mbili, na sina la ziada la kulisemea.

Swali la Ubuntu iliyokosa matunzo lilibaki, na jibu lake halikuwa kupandisha. Bodi na kamera zina swichi yao peke yao, hazigusi intaneti. Jumla ya siku inaonekana kwenye kioo kidogo juu ya meza ya karani. Anayetaka kuiona kutoka mbali ampigie simu karani.

Wiki ya tisa lori la kwanza likapakiwa mbele ya mzee, makuli na watu waliokuja kutazama kompyuta ikishindwa. Kamera ilisema 399. Karani alisema 400. Kuli mmoja alikuwa amebeba viwili kwa mpigo, kimoja juu ya kingine, kamera ikaviona kimoja. Sasa ni marufuku kubeba viwili, na karani hajaacha vijiti vyake. Namba mbili zikitofautiana, viroba vinahesabiwa upya kabla lori halijatoka getini.

Nakala ya kadi imo kwenye droo ya karani, ndani ya bahasha, chini ya vijiti. Juu ya bahasha ameandika kwa mkono wake: "Iliyokubali," na tarehe, na saini pembeni.